Kabla ya Kuchagua Nchi, Tuchague Kozi



Kila mwaka, mitihani ya darasa la 12 ikikaribia, mazungumzo ya pale mlangoni baada ya somo hubadilika. Hatuulizwi tena habari za ngeli wala imla. Tunaulizwa: "Mwalimu, mtoto nimpeleke Uingereza au Marekani? Kanada je? Australia si mbali mno?" Mimi ni nesi, si mtaalamu wa vyuo vikuu. Lakini kazini nimekaa na watu waliosoma katika nchi hizo, na nimeona nani alipiga hesabu mapema na nani alikuja kujuta.

Kosa ninaloliona sana ni kuanza na jina la nchi. Mtoto wa ami yake yuko huko, basi na huyu aende huko. Kuwa na jamaa ni neema. Mtoto akiumwa usiku yupo wa kumpelekea uji. Lakini jamaa hawezi kubadilisha mtaala wala sheria. Kwa hivyo naomba kila nyumba ikae chini na ijibu maswali manne kwanza.

La kwanza: anataka kusoma nini, na itachukua miaka mingapi?

Shahada ya kwanza England kwa kawaida ni miaka 3. Scotland, ambayo ni Uingereza hiyo hiyo, ni miaka 4, na Marekani pia ni 4. Lakini mwanafunzi aliyemaliza kwa cheti cha serikali cha Oman, bila ya A-level, mara nyingi vyuo vya Uingereza humtaka asome mwaka mmoja wa matayarisho kwanza. Hapo ile miaka 3 imeshakuwa 4, na ada yake ni hivyo hivyo.

Udaktari ndio unaowapoteza wengi. Uingereza na Ireland kijana anaweza kuingia moja kwa moja kutoka skuli, akasoma miaka 5 au 6. Marekani kwa kawaida hawezi. Atasoma shahada nyengine miaka 4, kisha aombe chuo cha udaktari, asome miaka 4 mingine, na baada ya hapo yako mafunzo ya hospitali. Kanada nako karibu vyuo vyote hutaka shahada au miaka kadhaa ya chuo kwanza, na nafasi za wageni ni chache sana. Mzazi aliyeuza kiwanja akitegemea miaka 6 asijikute yuko nusu ya safari.

La pili: ada italipwa kwa sarafu gani?

Riali yetu imefungwa na dola ya Marekani: riali 1 ni kama dola 2.60. Maana yake ada ya dola 30,000 ni takriban riali 11,500 leo, na mwakani hesabu itabaki hiyo hiyo kama chuo hakikupandisha ada. Pauni, yuro, dola ya Kanada na ya Australia hazikufungwa hivyo. Juni 2016, Waingereza walipopiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, pauni ilianguka, na waliokuwa wakilipa kwa riali walipata nafuu. Lakini kinachoshuka hupanda. Anayepeleka mtoto nchi hizo aweke akiba ya pembeni, asipange mpaka baisa ya mwisho.

Na tusitegemee kibarua cha mtoto. Wakati wa masomo Uingereza na Ireland humruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Kanada saa 24 nje ya chuo. Australia saa 48 kwa wiki mbili. Marekani ni saa 20, tena ndani ya chuo. Hiyo ni pesa ya basi na chakula, si ya ada. Sheria hizi hubadilika, kwa hivyo tazameni tovuti ya serikali ya nchi husika kabla ya kuomba viza.

La tatu: akiumwa, nani atalipa?

Hili nalisema kama nesi. Uingereza mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na hutakiwa kulipa zote kwa mpigo anapoomba viza. Kwa miaka 3 ni zaidi ya pauni 2,300 kabla hajapanda ndege. Baada ya hapo hutibiwa katika hospitali za serikali kama wenyeji. Australia lazima anunue bima ya muda wote atakaokaa. Marekani vyuo vingi humtaka awe na bima binafsi, na hata akiwa nayo, sehemu ya gharama huwa ni yake. Mwenye pumu, sukari au selimundu aulize mapema: dawa zangu zimo katika bima hiyo?

La nne: cheti kitakubaliwa wapi?

Binti wa dada yangu, ambaye ni mwanangu, alisoma uuguzi Uingereza. Kule mwanafunzi huchagua tawi tangu mwanzo: watu wazima, watoto, afya ya akili, au watu wenye ulemavu wa kujifunza. Yeye alichagua watoto. Alipoolewa akahamia Marekani, ambako nesi hufundishwa yote kwa pamoja, aliambiwa saa zake za wodi za watu wazima hazitoshi. Akarudi darasani. Cheti chake hakikuwa kibaya, ila hatukuuliza kabla.

Basi ulizeni kabla ya kulipa. Kwa atakayefanya kazi Oman, hakikisheni chuo na kozi vinatambuliwa na wizara inayoshughulikia elimu ya juu. Kwa wenye nia ya kurudi Tanzania, iko Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo hutathmini vyeti vya nje. Kenya nayo ina tume yake. Kwa uuguzi, udaktari, uhandisi na sheria, ulizeni pia bodi inayotoa leseni.

Sasa nyinyi vijana, hii ndiyo kazi yenu ya Jumamosi ijayo. Andikeni majibu ya maswali manne kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, halafu mkamsomee bibi au babu. Akikuuliza "kwa nini huko?" na ukakosa la kumjibu, bado hujachagua. Rudi ukaulize tena. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.