Amri nyingi katika kipindi kimoja cha SSH

Kutekeleza amri nyingi katika kipindi kimoja cha SSH ni njia ya kuiagiza kompyuta iliyo mbali ifanye kazi kadhaa mfululizo kwa kuunganishwa nayo mara moja tu. Kwa kawaida amri hizo huandikwa katika skripti, yaani faili la maandishi ambalo kompyuta hulisoma na kulitekeleza mstari baada ya mstari. Mafundi hutumia njia hii kunakili data, kusasisha programu na kukagua seva bila kusafiri hadi zilipo.

== Historia ==

SSH ni itifaki ya mawasiliano salama kati ya kompyuta mbili. Ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo hicho. Kabla yake watu wengi walitumia Telnet, ambayo hupitisha kila kitu wazi, hata neno la siri. SSH huyageuza mawasiliano kuwa msimbo usiosomeka na mtu aliye njiani. Mwaka 1999 watengenezaji wa mfumo wa OpenBSD walitoa OpenSSH, programu huria inayotumika sana hadi leo.

== Kipindi ni nini ==

Sheli ni programu inayopokea amri za mtumiaji na kuzitekeleza. Kila mara amri ya ''ssh'' inapotolewa kwa namna ya kawaida, sheli mpya huanzishwa kwenye seva. Kazi ikiisha, sheli hiyo hufungwa na kusahau yote, ikiwemo saraka iliyokuwa imefunguliwa.

Mfano wa kubuni unaonyesha hatari yake. Nachingwea na Ruangwa ni wilaya jirani za Mkoa wa Lindi, zinazolima korosho na ufuta. Tuseme fundi aliye Nachingwea anatunza seva ya chama cha ushirika iliyoko Ruangwa, naye anataka kufuta faili za muda. Anaandika:

 ssh fundi@ruangwa 'cd /data/muda'
 ssh fundi@ruangwa 'rm -f *.csv'

Mstari wa kwanza unaingia katika saraka ya ''muda'', kisha kipindi kinafungwa. Mstari wa pili unaanza upya katika saraka ya nyumbani ya fundi. Kama humo mna orodha za malipo ya wakulima zenye kiambishi cha ''csv'', ndizo zitakazofutwa, wala hakutatokea onyo lolote.

== Namna ya kuandika ==

Amri chache huwekwa pamoja ndani ya alama za kunukuu:

 ssh fundi@ruangwa 'cd /data/muda && rm -f *.csv'

Alama ya ''&&'' humaanisha kwamba amri ya pili itafanyika tu ikiwa ya kwanza imefaulu. Nukta mkato ikitumiwa badala yake, ya pili hufanyika hata kama ya kwanza imeshindwa, na hatari ileile hurudi.

Amri zikiwa nyingi, hupelekwa kama matini:

 ssh fundi@ruangwa 'bash -s' <<'MWISHO'
 set -e
 cd /data
 tar czf /akiba/$(date +%F).tar.gz mauzo
 rm -f muda/*.csv
 MWISHO

Mstari wa ''set -e'' husimamisha kazi amri inaposhindwa. Hivyo nakala ya akiba isipofanikiwa, hakuna faili litakalofutwa. Alama za kunukuu kwenye neno MWISHO nazo ni muhimu: zikiwepo, tarehe husomwa kwenye seva ya Ruangwa, zikiondolewa, husomwa kwenye kompyuta ya Nachingwea kabla ya amri kutumwa. Saa ya kompyuta hiyo ikiwa na makosa, nakala itapewa tarehe isiyo sahihi.

Amri zikiwa tayari katika faili, hutosha kuandika:

 ssh fundi@ruangwa 'bash -s' < kazi.sh

== Faida ==

Kila muunganisho mpya huanza kwa kompyuta mbili kukubaliana funguo na kumthibitisha mtumiaji, na hatua hizo huhitaji ujumbe kwenda na kurudi mara kadhaa. Katika mtandao wa simu wenye kasi ndogo, amri 10 zinazotumwa mojamoja hurudia usumbufu huo mara 10. Pale ambapo amri haziwezi kuunganishwa, OpenSSH ina mipangilio ya ''ControlMaster'' na ''ControlPersist'', inayoruhusu vipindi kadhaa kutumia muunganisho mmoja.

== Mawasiliano yakikatika ==

Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilivuruga intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani. Tatizo la namna hiyo likitokea kazi ikiendelea kwenye seva iliyo ng'ambo, kazi inaweza kuishia katikati. Kwa sababu hiyo kazi ndefu huendeshwa kwa ''nohup'' au ''tmux'', ili ziendelee kwenye seva hata mtumiaji akipotea mtandaoni.

Skripti pia inapaswa kukagua namba ambayo ''ssh'' hurudisha mwishoni. Namba 0 huonyesha kwamba amri ya mwisho ilifaulu, na 255 kwa kawaida huonyesha kosa la SSH yenyewe, kama vile kushindwa kuunganishwa. Bila ''set -e'', sifuri haithibitishi kwamba amri zilizotangulia zilifaulu pia.