Kikwembe kichwani: mama atapata wapi kimya?



Siku moja, tulipomaliza kuhesabu akiba ya kikundi, mama mmoja alibaki amekaa. Alituambia kwamba alimpiga mtoto wake kwa sababu ya kikombe kilichovunjika, na alimpiga sana. Kisha akauliza: "Ninasali, ninafunga kila siku ya tano, ninaimba kwaya. Hasira hii inatoka wapi?" Hatukumjibu upesi, maana wengi wetu tulijiona katika maneno yake.

Tuangalie siku zetu. Umeme ukirudi usiku, tunaamka kupiga pasi. Kabla ya kucha, bidoni ziko kwenye foleni ya maji. Kisha mbabula, watoto wa shule, soko ao darasa, sombe ya kutwanga, wageni, matanga. Hata siku ya Yenga tunasali kwa sauti kubwa, na tukisema amina tunasimama mara moja. Sisi tunaofundisha tunajua kwamba mwalimu anayeuliza swali na kujijibu mwenyewe hasikii watoto wake. Akinyamaza kidogo, ndipo hata mtoto wa nyuma anainua kidole. Katika maombi, mara nyingi tunafanana na mwalimu yule asiyengoja jibu.

Bwana Yesu hakufanya hivyo. Katika Marko sura ya 1, jioni aliponya wagonjwa wengi kule Kapernaumu. Kesho yake aliamka kungali giza, akaenda peke yake mahali pasipo watu, akasali. Simoni na wenzake walimfuata wakimwambia kwamba watu wote wanamtafuta, kama vile watoto wanavyotutafuta sisi. Hakuona kosa kujitenga, na alipotoka huko alijua pa kwenda: vijiji vingine, kuhubiri. Na Eliya, alipochoka hata akaomba kufa, Mungu alimpa kwanza usingizi na chakula. Baadaye, mlimani Horebu, Bwana hakuwa katika upepo, wala tetemeko, wala moto. Eliya alimtambua katika sauti ndogo ya utulivu.

Mtasema: Yesu alikuwa na mlima, sisi tuna vyumba viwili na watu tisa. Ni kweli. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Uingereza, Susanna Wesley, aliyeishi tangu 1669 hata 1742. Alizaa watoto 19, na wengi wao walikufa wakiwa wadogo. Wana wake John na Charles ndio walioanzisha mwendo wa Wametodisti. Inasimuliwa kwamba, kwa kukosa chumba cha kusalia, alijifunika aproni kichwani, na watoto walijua kwamba wakati huo mama haitwi. Sisi tuna kikwembe.

Katika kikundi chetu tulikubaliana kujaribu dakika 10 kila siku. Kila mama alichagua saa yake: mmoja kabla ya kwenda majini, mwingine watoto wakiisha kulala. Tuliwaeleza wabwana wetu na watoto wakubwa, ili mmoja ashike mtoto mchanga. Simu inazimwa. Tunasoma mistari michache, tunafunga Biblia, tunajifunika, tunakaa kimya mbele ya Mungu. Mawazo yanakuja: deni la soko, pesa ya shule, maneno ya wifi. Hatupigani nayo. Kila moja tunamkabidhi Bwana, kisha tunarudi kwenye kimya. Siku nyingine usingizi unatushika, na siku nyingine ni machozi tu. Hata hizo si siku za bure.

Neno moja tusilisahau. Kunyamaza mbele ya Mungu si kunyamaza mbele ya ubaya. Anayepigwa nyumbani, ao aliyetendewa jeuri, asiambiwe kwamba kimya ni dawa yake. Aseme, na sisi tusimame naye. Hana, mama ya Samweli, alisali midomo ikicheza tu bila sauti kusikika. Lakini kuhani Eli alipomdhania kuwa amelewa, hakunyamaza. Alimjibu kwa heshima, akaeleza uchungu wake, naye Eli akambariki. Kimya chake kwa Mungu hakikumfunga kinywa mbele ya watu.

Na yule mama wa kikombe? Juma hili mtoto alimwaga mafuta ya kupikia, mafuta ya siku mbili. Anasema mkono uliinuka. Akaushusha, akavuta kikwembe kichwani palepale jikoni, akakaa. Alipokifunua, mtoto alikuwa bado amesimama, anatetemeka. Akamwambia: "Leta kitambaa, tupanguse pamoja." Hasemi kwamba hasira imeisha. Anasema safari hii alisikia kitu kabla ya kupiga.

Wamama, tujaribu dakika hizo 10 juma hili, na mkutano ujao kila mmoja aseme aliyoyaona. Mubaki na amani.