Je, Wajua? Saa 6,000 za Gofu

Je, wajua kwamba mwaka 2010 mpiga picha wa Marekani, Dan McLaughlin, aliacha kazi akiwa na miaka 30 ili ajifunze gofu kuanzia sifuri? Hakuwa amewahi kumaliza hata raundi moja ya mashimo 18. Alipanga kufanya mazoezi ya saa 10,000, aone kama juhudi na mafunzo vinaweza kuchukua nafasi ya kipaji.

Alianzia mwishoni mwa mchezo: kwa miezi kadhaa alisukuma mpira tu, kwanza karibu kabisa na shimo, kisha akirudi nyuma kidogo kidogo. Fimbo ya kupigia mbali ilikuja baadaye.

Maumivu ya mgongo yalimsimamisha baada ya saa 6,000 hivi. Handikapu yake, ambayo hupungua kadiri mchezaji anavyokuwa bora, ilikuwa imeshuka hadi 2.6. Wachezaji wengi wa ridhaa hawafiki hapo maisha yao yote.

Kuhusu mazoezi kama hayo, mwanasaikolojia Anders Ericsson alisisitiza kuwa wingi wa saa pekee hautoshi. Panahitajika lengo mahususi na mwalimu wa kukosoa. Anayepiga ndoo nzima ya mipira kwa kosa lile lile hulikomaza kosa.