Kufunga Gia za Umeme kwenye Baiskeli Nyumbani

Utangulizi

Baiskeli ya mashindano ya barabarani hubadili gia kwa kuhamisha mnyororo kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na waya wa chuma uliovutwa kwa kidole. Kampuni ya Mavic ya Ufaransa ilijaribu kutumia umeme mapema katika miaka ya 1990, lakini Shimano ya Japani ndiyo iliyoueneza mtindo huo kwa Di2, mfumo ulioingia sokoni mwaka 2009. Mnamo 2015, SRAM ya Marekani ilitoa eTap, mfumo ambao gia zake hazina waya hata mmoja. Makala haya yanaeleza namna mfumo wa aina hii ya mwisho unavyofungwa nyumbani, na mahali hatari ya kazi hiyo ilipo.

Viungo vya mfumo

Mfumo una viungo vinne: vishikio viwili vya usukani na vihamishi viwili vya mnyororo, cha mbele na cha nyuma. Kila kihamishi kina mota ndogo na betri ya kuchajiwa. Kila kishikio kina betri bapa mfano wa sarafu. Kitufe kikibonyezwa, kishikio hutuma ishara ya redio na mota ikausogeza mnyororo. Kitufe cha kulia huleta gia nzito na cha kushoto gia nyepesi. Vikibonyezwa pamoja, kihamishi cha mbele hufanya kazi.

Hatua za kufunga

Kwanza, betri huchajiwa, na idadi ya magurudumu ya meno ya nyuma huhakikishwa kuwa inaafikiana na mfumo. Pili, mnyororo, waya na vihamishi vya zamani huondolewa. Tatu, sikio la fremu linaloshika kihamishi cha nyuma hukaguliwa. Likiwa limepinda, hakuna umeme utakaolitibu: gia zitaruka tu.

Nne, vihamishi vipya hufungwa, kisha mnyororo hukatwa kwa urefu uliotajwa na mtengenezaji. Tano, viungo hutambulishana. Kitufe kidogo cha kihamishi cha nyuma hushikiliwa mpaka taa iwake na kuzima polepole. Kisha hufanywa vivyo hivyo kwa kihamishi cha mbele na vishikio, na mwishowe cha nyuma hubonyezwa tena kufunga shughuli. Sita, skrubu za mpaka huzuia mnyororo usianguke kwenye spoku wala kwenye fremu. Mlio unaobaki huondolewa kwa kushikilia kitufe kidogo cha kishikio na kugusa kile cha gia, kihamishi kikasogea kidogo kidogo.

Mahali pa hatari

Wengi hudhani ugumu umo katika umeme. Kinyume chake, sehemu hiyo ndiyo nyepesi zaidi. Ikumbukwe kwamba kishikio cha gia ndicho pia cha breki. Anayekibadilisha hugusa breki, iwe ya waya au ya majimaji. Gia iliyokosewa humchelewesha mwendeshaji mlimani. Breki iliyokosewa humtupa mteremkoni. Breki ya majimaji ikishafunguliwa, sharti hewa itolewe yote katika mfereji wake. Aidha, usukani wa kaboni hupasuka bolti zikikazwa kupita kiasi, na kishikio huteleza zikilegea. Kwa hivyo hutumika spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kiungo chenyewe.

Hitimisho

Kabla ya kutoka barabarani, breki zote mbili huminywa kwa nguvu baiskeli ikiwa imesimama, kisha hujaribiwa kwa mwendo mdogo mahali pasipo na magari. Asiyeweza kuzihakiki breki na ampelekee fundi sehemu hiyo, hata kama gia amezifunga mwenyewe. Umeme umeondoa waya wa gia. Haukuondoa macho, vipimo na subira ya fundi.