Lahajedwali Lako Hugawa Kazi Bila Kukuambia

Kompyuta nyingi zinazouzwa leo zina prosesa yenye viini vinne, vinane au zaidi, na kila kiini hupiga hesabu kivyake. Watengenezaji walisukumwa huko na joto. Kufikia mwaka 2004, kasi ya prosesa ilikuwa imegota chini kidogo ya gigahezi 4, na kila walipojaribu kuipandisha, chipu ilizidi kuchemka. Mwaka 2005 Intel na AMD wakaingiza viini viwili kwenye prosesa za kompyuta za kawaida.

Mzigo ukawaangukia waandishi wa programu, maana kugawa kazi kwa viini vingi kunaumiza kichwa. Chukua akaunti yenye shilingi 50,000. Kiini cha kwanza kinasoma salio ili kiongeze 10,000. Kabla hakijaandika jibu, cha pili nacho kinasoma 50,000 ile ile ili kiongeze 20,000. Jibu la kitakachoandika mwisho ndilo litakalobaki: 60,000 au 70,000, wakati salio halali ni 80,000. Ubaya wa kosa hili ni kwamba leo linatokea, kesho halionekani. Hata mafundi wazoefu linawatoa jasho.

Mhasibu wa SACCOS atayaweza haya? Kwa maoni yangu, hana haja ya kuyaweza, na kumpeleka kozi ya kuandika programu za aina hiyo ni kumpotezea muda. Tangu toleo la 2007, Excel hugawa fomula kwa viini vilivyopo, na wengi wanaoitumia kila siku hawana habari. Inawezekana kwa sababu ya tabia ambayo lahajedwali limekuwa nayo tangu VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, mwaka 1979: fomula hutoa jibu kwenye seli yake, haiendi kufuta namba ya jirani. Mhasibu anaandika anachotaka kijumlishwe. Programu inakagua fomula ipi inangoja ipi, kisha zile zisizongojana inazipeleka kwa viini tofauti kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, mpangilio wako una uzito. Safu ya riba, ambamo kila mwanachama hukokotolewa kwa akiba yake, hugawika vizuri. Safu ya salio, ambamo kila mstari huongezea juu ya mstari uliotangulia, haigawiki: mstari wa 5,000 lazima usubiri yote iliyo juu yake. Gene Amdahl wa IBM aliuonyesha ukomo huu mwaka 1967. Kama sehemu moja ya kumi ya kazi ni ya kwenda kwa foleni, hata viini elfu moja havitafikisha kasi mara kumi.

Fomula za kujitungia kwa VBA, lugha ya kuandikia programu ndani ya Excel, nazo huendeshwa na kiini kimoja tu. Kwa hiyo faili lako likikusumbua kwa uzito, anza kukagua hizo na safu zinazongojana kabla hujaomba bajeti ya kompyuta mpya.