Mmea Unaokula Hewa na Ushahidi Wake juu ya Zebaki

Katika familia ya mnanasi umo mmea usiofanana hata kidogo na nduguye huyo. Jina lake la kisayansi ni Tillandsia usneoides. Huning'inia kwenye matawi ya mialoni na miti mingine mithili ya ndevu zenye mvi, na asili yake ni bara la Amerika, kuanzia Virginia nchini Marekani hadi Ajentina, mahali penye unyevu hewani. Jina Tillandsia limetokana na Elias Tillandz, tabibu wa karne ya 17 aliyefundisha utabibu mjini Turku, Finland, na kuorodhesha mimea ya huko.

Wapo wanaoudhani kuwa kimelea. Sivyo. Mti huupa mahali pa kushika tu, wala haunyonyi utomvu wake. Ukikomaa hauna mizizi. Mwili wake umefunikwa na magamba madogo mno, yanayonasa maji ya mvua na ukungu pamoja na madini yaliyomo katika vumbi. Kwa kuwa riziki yake hutoka hewani, hewa ikichafuka, uchafu nao hubaki mwilini mwake.

Sifa hiyo iliwafanya watafiti nchini Brazili wautundike katika Alta Floresta, eneo la uchimbaji wa dhahabu. Wachimbaji wadogo wa huko, kama wenzao wa Geita, Chunya na Migori, walinasa chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha wakachoma mchanganyiko huo. Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu ikabaki. Mimea iliyotundikwa ndani ya maduka ya kununulia dhahabu, ambamo uchomaji uliendelea, ilikutwa na zebaki nyingi kuliko ile iliyowekwa mbali. Hewa iliyoilisha mimea hiyo ndiyo iliyovutwa na wafanyakazi wa maduka hayo.

Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Takriban asilimia 80 ya unaovutwa hupita mapafuni na kuingia katika damu, ukafika kwenye ubongo na figo. Kwa mjamzito, hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kutetemeka mikono, kukosa usingizi, hasira za ghafla na kusahau ni dalili zinazoweza kudhaniwa kuwa ni ulevi au uzee. Kwa hiyo mhudumu wa afya hana budi kuuliza mgonjwa anafanya kazi gani, na kama kuna anayechoma dhahabu nyumbani kwake.

Kwa familia za wachimbaji, kinga huanza na kutochoma zebaki ndani ya nyumba wala katika vyombo vya jikoni, na kuwaweka watoto na wajawazito mbali. Chombo kilichofungwa, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, hupunguza hatari. Zebaki iliyomwagika isifagiliwe, kwani ufagio huitawanya.

Mmea huo hauoti porini Afrika Mashariki. Huku, ushahidi wa zebaki utatoka kwa mgonjwa aliyeulizwa kwa utulivu na kusikilizwa.