Kulinda Siri za Wagonjwa kwa Funguo za Ngazi kwa Ngazi

Kamati inapotuma orodha ya wagonjwa au yatima kwa kompyuta, siri hiyo hulindwa na programu inayogeuza maandishi yasisomeke. Mwaka 1984 mtaalamu Adi Shamir alipendekeza jina la mpokeaji lenyewe liwe kufuli. Mwaka 2002 Craig Gentry na Alice Silverberg walieleza njia ya kugawa funguo kwa ngazi. Tuseme ofisi ya Tabora inaipa ofisi ya Uyui ufunguo wake, nayo Uyui inaipa Kigwa wake. Kigwa haina haja ya kuufuata Tabora. Lakini aliye ngazi ya juu anaweza kufungua barua za wote walio chini yake. Hivyo, kabla ya kupokea programu ya majaribio, tuulize: nani atashika ufunguo mkuu, na nani atamsimamia?